Nati ya Breki

Dada yangu,

Sisi wazima, na mama mkwe amepona kikohozi. Kile kigari cha zamani tulichokiunda upya uani kwa miaka miwili kimeshaingia mashindano ya mbio za magari. Jumamosi shemeji yako alikanyaga breki kwenye kona, pedeli ikazama mpaka chini. Akaishia kwenye ukuta wa matairi, akatoka akichechemea. "Nilichelewa kukanyaga," akawaambia watu.

Dada, nati ya bomba la mafuta ya breki niliifunga mimi, nikasahau kuikaza. Siku tatu nilimficha. Jana nikamwambia. Akanipa spana.

"Basi ikaze. Jumapili naendesha."

Nimeikaza. Hakuja hata kuikagua, na hilo ndilo linalonitisha.

Mdogo wako, mwenye mikono ya grisi