Shimo la Dawa Nyuma ya Kituo

Yaya, ndugu yangu mkubwa mpendwa,

Tangu udongo wa mtaa wetu wa Kasulo ukuangukie na kukuua mle shimoni ulimokuwa ukichimba kobalti, sikuwa na nguvu ya kukuandikia. Leo ninayo kidogo.

Diploma uliyonichimbia imenipatia kazi: ninasimamia dawa katika kituo chetu cha afya. Nilikuta nusu ya ghala imejaa dawa zilizopita muda wake, vidonge vya malaria, chupa za kikohozi, nyingi zilitufikia siku zake zikikaribia kwisha. Mkuu wa kituo akaamua zizikwe nyuma ya jengo. Nilimweleza kwa heshima kwamba katika mtaa huu kila kinachozikwa hufukuliwa. Akanijibu: "Monsieur Diploma, huku hatuko ku université."

Aliyeitwa kuchimba ni Kapend, mwenzako wa shimoni. Shimo lilipomfika kiunoni akagusa jiwe jeusi la kobalti. "Patron, dawa mutatafutia fasi ingine! Huku kuko matière!" Alipiga kelele za kupata madini hata wagonjwa wakatoka kutazama. Habari ya kuzika ikaishia hapo, na kazi ikarudi kwangu.

Nimetoa kila kidonge katika pakiti yake, nikavitia vyote ndani ya pipa pamoja na chokaa, saruji na maji, vigande viwe jiwe ambalo hakuna atakayelimeza wala kuliuza. Pipa litafungiwa ghalani mpaka ofisi ya zoni ya afya ije kulichukua. Vidole vimekufa ganzi. Nimechoka, Yaya, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Kapend alinisaidia kukoroga huku akikohoa, kikohozi kile cha vumbi unachokijua. Akainua chupa moja ya dawa ya kikohozi. "Mudogo, hii moja tu. Mi sitaambia mutu."

Yaya, ni yeye aliyekutoa chini kwa mikono yake.

Niliichukua chupa ile, nikaimimina kwenye saruji mbele ya macho yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilifundishwa namna ya kuharibu dawa kwa usalama. Kuiharibu mbele ya mgonjwa sikufundishwa.

Jumatatu nitampeleka mwenyewe kwa daktari, akapimwe kifua, apewe dawa iliyo nzima. Nimemwambia. Amejibu, "Tutaona." Nakuahidi: maadamu ufunguo wa ghala uko mkononi mwangu, dawa itamfikia mtu kabla haijawa uchafu. Nikishindwa, njoo unikemee ndotoni.

Pumzika, Yaya. Mi bado niko kazini.

Mudogo wako