Udongo Ambao Baba Hakuutupa

Mbinga, Alhamisi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kikohozi chako kimeisha? Mama na Wendelin hawajambo hapo Lituhi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanipasua midomo. Barua hii anakuletea kaka Joakim, maana simu haturuhusiwi shuleni, na hata ningekuwa nayo nisingeweza kuyasema haya kwa mdomo.

Tuna mwalimu wa ushauri, Madamu Asnath. Alinikuta nakula nyuma ya bweni ili nisikae na wenzangu bwaloni. Hakunigombeza. Alisema kila nikiikimbia hofu ya watu, naizidishia nguvu. Alinifundisha kuvuta pumzi nikihesabu hadi nne na kuitoa hadi sita, kisha nichore ngazi ya mambo ninayoyaogopa, nianze na la chini. La kwanza lilikuwa kumsalimia mpishi. La tatu, kujibu swali darasani. Nilijibu kwa sauti ndogo mno hata rafiki yangu Luisa akauliza kama namjibu mwalimu au naongea na mbu. Darasa zima lilicheka. Sikutoka nje.

Jana Madamu aliuliza mbona juu kabisa ya ngazi nimeacha patupu. Sikumwambia. Nakuambia wewe.

Siku ya kumzika Bibi Tereza, ukoo ulinichagua nisome historia yake kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nyuso zote ziliponigeukia, nilianguka. Shangazi Devotha alilia kwamba mtoto huyu alimpenda bibi yake kuliko sisi sote. Ulinibeba hadi kivulini, ukanipepea kwa kofia yako. Uliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hukuwahi kumtupia mama yako udongo.

Sikuzimia, Baba. Nilijiangusha. Nilikusikia ukiniita kwa sauti ya kulia, nikazidi kufumba macho, maana ningeyafumbua ningerudishwa kusoma. Tangu hapo watu wananisifu kwa upendo wangu, nami nasikia aibu hata kula pamoja nanyi.

Nisamehe. Karatasi ya Bibi bado ninayo. Jioni naisomea madawati matupu. Juzi nilimwomba Luisa aketi asikilize, nikafika penye jina lako, nikashindwa kuendelea.

Siku ya kubariki msalaba wa kaburi lake, ukiniruhusu, nitaisoma yote. Nikitetemeka, usije kunishika. Baki karibu na Bibi.

Wasalimie Mama na Wendelin. Shangazi Devotha msalimie tu. Haya mengine nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Lidia