Taulo la Baba Mkubwa

Chumba cha Cherehani,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, 8 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Kile kikohozi kimepona? Na kule ghalani, bado wanakupanga zamu za asubuhi? Sisi wazima, ila mgongo wangu na cherehani hii havipatani. Nimekujulia hali kwa sababu nimefundishwa adabu. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe mpaka sindano imenidunga mara mbili leo.

Ile filamu ya zamani ya ngumi, ya Hollywood, isiyo na rangi. Umeipata mtandaoni, ukasoma maandishi ya chini, ukagundua kwamba kaka yake bondia alirusha taulo kusimamisha pambano kwa sababu alikuwa amehongwa. Sawa. Baba yangu alipokuwa mtafsiri pale ukumbi wa video, alituambia jamaa amerusha kwa kuogopa mdogo wake asipofuke. Tumelia miaka yote kwa maneno yale: "Mkanda utapata mwingine, jicho hupati lingine." Kumbe ndani ya filamu hayamo! Haya, alitudanganya. Hata mimi nilicheka nilipojua.

Lakini kilikuwasha nini hata ukaandika pale kwenye maoni ya watazamaji? Wenzako wanasifu picha, wanabishana kama yule mwanamke ni mrembo au la. Wewe unaandika kwamba mtafsiri wenu alimsafisha muuza pambano kwa kuwa naye ni walewale, kwamba alimrushia baba yako taulo siku ya fainali yake ya ngumi, baba yako akiwa anaongoza kwa pointi. Hukutosheka, ukatutumia wote kwenye kundi la familia. Umemvua nguo Baba Mkubwa wako hadharani, Kinanda! Yule aliyekubeba mgongoni ulipovunjika mguu, shule na kurudi, muhula mzima! Jina tulikupa kwa kutonyamaza, na wala hatukukosea.

Baba alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Tangu siku hiyo hakwenda kwa baba yako kucheza drafti. Wiki tatu! Unawajua wale wawili. Iwe mvua, iwe homa, drafti ilichezwa.

Mtaa nao ukapata cha kutafuna. Kinyozi, ambaye siku zote husema taulo la kwenye filamu liliwahi mno, sasa anasema eti alijua. Alijua nini yule, hata kichwa cha mteja hakijui mbele na nyuma? Muuza chai alimwambia anyamaze au achukue kikombe chake akanywee kwingine. Mimi nilimtetea baba kwa sauti kubwa, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa na shaka. Hilo ndilo lililonikera kuliko matusi ya mtaa. Ulinifanya nimtilie shaka baba yangu mzazi.

Jana baba yako alichoka kungoja mtu wa drafti. Akaja mwenyewe, ubao kwapani, akatukuta barazani, na kinyozi yupo. Hata salamu hakutoa. Alisema: "Taulo niliomba mimi."

Kumbe daktari alishamwambia ngumi moja zaidi na jicho la kushoto linazima. Akamficha promota, akamficha mama yako, akamwambia kaka yake tu: ukiona nimeanza kugeuza kichwa kuzitafuta ngumi zinakotoka, rusha. Kisha akamwapisha asiseme, maana bondia anayeomba taulo huchekwa mpaka kaburini. Baba akaapa, akarusha, akasengenywa kuwa mla rushwa miaka thelathini na minne. Mahali pekee alipojitetea ni mle ukumbini, kwa kumwekea Mzungu wa watu maneno mdomoni.

Nilimuuliza baba mbona hata sisi wanawe hakutuambia. Akasema kiapo si soksi, uvue ukifika nyumbani. Halafu akapanga kete.

Kwa hiyo usipige simu kuomba radhi kwa kunong'ona. Nenda palepale ulipoandika, uandike kweli, kwa urefu uleule. Umelikoroga, utalinywa. Baba ameshakusamehe kabla hujaomba, na hilo ndilo linalozidi kuniudhi. Mimi bado.

Mama zako wote wawili wanakusalimu. Muuza chai anakusalimu. Salamu za kinyozi sikuzipokea. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na akutie breki kwenye hivyo vidole.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako mshonaji.

Baba yako ameomba kalamu, aongeze neno kwa mkono wake:

Mwanangu, barua hii nimeisoma yote mwenyewe. Jicho la kulia nimelifumba makusudi.