Joho la Shangazi

Kitindamimba wetu,

Sisi wazima, na cherehani yangu inapiga kelele kama kawaida. Kwaya ilinipa kazi ya kushona majoho mapya, yakiwemo ya mama na ya shangazi. Unawajua hao. Tangu yale maneno ya kwenye msiba wa babu, wanaimba sauti moja, benchi moja, na salamu hawapeani.

Jumapili wakayavaa. La mama likaburuta sakafuni kama pazia. La shangazi likaishia magotini. Kanisa zima likageuka.

"Wifi," shangazi akasema, "nadhani hilo ni langu."

"Na wewe umevaa langu," mama akajibu. "Usije ukainua mikono kusifu, utatuaibisha."

Wakacheka mpaka mchungaji akasimama kuwasubiri. Wakaenda chumba cha nyuma kubadilishana, wakakaa huko hadi mahubiri yakaisha. Walirudi macho mekundu, wameshikana mikono. Mahubiri yalihusu wapatanishi, nao hawakusikia hata neno.

Mama ananiuliza nimekoseaje vipimo vyake, mimi niliyemshonea miaka yote. Namwambia macho yamechoka. Mungu atanisamehe.

Shati lako pia limekwisha. Ila ukifungua kifurushi hiki utaona nimekosea tena: hilo ni la kaka, na lako analo yeye. Najua hamjasemezana tangu uhame. Nimemwambia alitume, amekataa. Anasema ulifuate mwenyewe, na chumba chako ameshakifagia.

Dada yako,
fundi asiyejua kupima