Huyu Skola ni Mtoto wa Nani?

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa.

Baba, shikamoo.

Mimi ni Skolastika, ambaye hapo nyumbani mnaniita Skola. Ni mtoto wako wa tatu, kitindamimba wako. Wa kwanza ni Kandida, akaja Osmundi, halafu mimi. Nipo Dar es Salaam kikazi, ndiyo maana hunioni hapo barazani asubuhi. Nimeanza kwa kujieleza hivi kwa sababu Kandida ameniandikia kwamba barua yangu iliyopita uliisoma yote, ukaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, kisha ukamwuliza, "Huyu Skola ni mtoto wa nani?"

Nililia, Baba, sikufichi. Nililia kwenye ngazi za ofisini, nikanawa uso, nikarudi kazini. Jioni nikajikuta nacheka peke yangu, maana swali lenyewe ni lako kabisa. Umewauliza watu hivyo maisha yako yote. Ulikuwa ukisimama nje ya kanisa na barua zilizotoka kwenye sanduku la parokia, unaita, "Maria Komba!" Wanaitika akina Maria Komba watatu, kila mmoja amenyoosha mkono. Wewe humpi hata mmoja. Unatazama muhuri juu ya stempu, unauliza, "Wewe ni Maria mtoto wa nani? Una ndugu Mbeya wewe?" Watu walinung'unika kwamba katekista anachelewesha chakula cha mchana, lakini sikumbuki hapo kijijini kwetu Ngumbo mtu aliyewahi kwenda na barua ya mwenzake.

Hujambo lakini? Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima. Malaria ilinishika nikalala siku chache, imepita, sasa nalalamikia joto tu na kukosa usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu. Wauzaji wa hapa sokoni wanaunadi kuwa wa Nyasa, ukiuonja unajua wamedanganya. Kandida anasema jioni unakataa ugali kwa kudai umeshakula. Baba, kula. Hata kama ni kweli umeshakula, kula mara ya pili kwa ajili yangu.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana ukiuliza huwa nakujibu "ya kompyuta" na kuishia hapo. Tangu serikali ilipofungua soko huria, kahawa ya huko juu Mbinga inanunuliwa na makampuni ya watu binafsi. Yetu ni mojawapo. Kampuni ina watu wengi wa kuwasiliana nao: viongozi wa vikundi vya wakulima, wenye malori, wenye maghala, wanunuzi wa ng'ambo. Majina yao, masanduku yao ya posta na simu zao, kwa wale wenye simu, vyote vimo kwenye kompyuta. Sisi tunaoviangalia tunaitwa watunza taarifa. Mwenzangu Hamisi anawatunza wa ng'ambo. Mimi wamenipa kusini, watu wetu.

Usidhani ukishaandika umemaliza. Watu wanahama, wanabadilisha namba, wanaachia uongozi, wanafariki. Mwingine ameandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la ubatizo na mara nyingine kwa jina la ukoo, na kompyuta inaamini ni watu wawili. Taarifa ukiziacha bila kuzigeuzageuza zinaharibika kama unga wa muhogo uliopata unyevu. Kwa hiyo kila wakati tunapiga simu, tunaandika, tunauliza: bado upo? Bado ni wewe? Mkuu wetu, Mama Lema, ni mpole kwa mambo mengi, ila kwenye jambo moja hana mchezo. Ukiona nafasi tupu, usijaze kwa kubahatisha. Iache tupu mpaka utakapomuuliza mtu anayejua.

Mwezi uliopita nilikuwa namtafuta mzee mmoja wa Ruanda, ile ya huko huko Mbinga, Mzee Kapinga, aliyekuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Tulikuwa tunataka kumpa taarifa ya ununuzi. Simu haipokelewi, barua haijibiwi. Kwa taratibu zetu, mtu wa namna hiyo anahamishiwa upande wa waliopotea, na baada ya muda anaondolewa. Hamisi akaniambia, "Skola, mwondoe, utazeeka na huyo." Moyo ulikataa. Nikampigia mwenye duka mmoja Mbinga mjini, akasema hajamwona tangu mavuno, nimuulize mwalimu wa shule ya pale kijijini. Mwalimu akasema mzee macho yamemshinda, amehamia kwa dada yake, kata nyingine. Dada hana simu, ila jirani yake anayo, tena haishiki mtandao mpaka apande kilimani.

Nikaomba mzee apelekwe huko kilimani. Siku waliyonipigia, nilisikia upepo kwanza, halafu sauti yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Skola, wa kampuni ya kahawa, Dar es Salaam. Tumekutafuta sana."

Akapaza sauti kuushinda upepo.

"Mmenitafuta mimi?"

"Wewe, mzee."

"Mwanangu, ukatibu nimeshamwachia mwenzangu, nitakupa jina lake. Mimi sioni tena, sina cha kuwasaidia. Lakini usinifute. Andika nipo."

Nikaandika. Mama Lema alipopitia kazi yangu akauliza haya maneno "yupo kwa dada yake" ni ya nini, mtu si katibu tena. Nikamweleza. Akasoma mara ya pili, akasema yaache.

Baba, tangu siku hiyo nakufikiria wewe kila nikifungua ile mashine. Naogopa, nikwambie wazi. Msimu wa kahawa ukifunguliwa kampuni itanituma Mbinga, na kutoka Mbinga nitashuka hadi Ngumbo nije kukaa nawe. Naogopa nitafika mlangoni na mizigo yangu, wewe uniangalie kama mgeni aliyepotea njia. Sina hofu nyingine kuhusu safari hii, hata ya ile barabara ya kuteremkia ziwani.

Lakini nimepata la kufanya, na Kandida nimemwandikia karatasi yake ndani ya bahasha hii. Nimesikia kwamba watu wakija kukusalimia wanasimama mbele yako wakitabasamu, "Mzee, unanikumbuka? Haya, mimi ni nani?" Kama mwalimu na mwanafunzi. Nimemwambia Kandida mchezo huo ukome. Anayeingia aseme jina lake, mtoto wa nani, anatokea wapi, ndipo akae. Ni utaratibu wako mwenyewe wa pale kanisani, hatujabuni kitu. Na wewe ukiuliza swali ujibiwe, na ukiuliza tena ujibiwe tena. Mama nimemwomba sana asiseme "nimeshakuambia." Najua amechoka. Amekubali.

Usione haya kuuliza, Baba. Sisi tunalipwa mshahara kwa kuuliza.

Kwa jambo moja tu naivunja sheria ya Mama Lema, naacha jina lisilo sahihi likae kwenye nafasi. Wanasema Osmundi akija unamwita Benedikti, jina la mdogo wako. Kandida alikuwa akikusahihisha, anakwambia baba mdogo Benedikti alishafariki, nawe unalia msiba upya. Nimemwambia Osmundi akiitwa Benedikti aitike. Yeye mwenyewe anasema haoni shida, baba mdogo alikuwa mtu mzuri na tena alikuwa na sura nzuri kuliko yeye.

Sasa nisalimie watu wangu, na salamu zenyewe uzisome taratibu.

Msalimie Mama. Ni mke wako, yule anayekupasha maji ya kuoga na kukugombeza ukitoka bila sweta. Mlifunga ndoa hapo hapo kanisani. Ukiamka usiku ukamkuta kitandani usishtuke, pale ni kwake.

Msalimie Kandida, binti yako mkubwa. Ndiye anayekuletea barua hii na ndiye atakayekusomea ukichoka. Ana ukali kidogo, ameurithi kwa mtu unayemfahamu.

Msalimie Osmundi, mwanao wa kiume, mwembamba, anayekuja na lori kutoka Mbinga na kukuletea sukari. Jina lake lingine nimeshalisema.

Msalimie Fausta, mjukuu wako, binti wa Kandida, anayekukalia miguuni na kukuvuta ndevu. Yeye hajali unamwitaje.

Na msalimie katekista mzee wa Ngumbo, aliyekuwa akigawa barua nje ya kanisa, ambaye alimjua kila mtu na mzazi wake. Huyo ni wewe, Baba. Ukisahau mengine yote, hilo waambie wakukumbushe kwanza.

Utaona salamu zangu zimekamilika isipokuwa nafasi moja, na hiyo nimeiacha tupu kwa kusudi. Kuna jina ulilokuwa ukiniita wewe peke yako, tangu ulipokuwa ukinibeba begani kwenda misa ya kwanza. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo, na sikuliandika humu. Nikifika nitasimama mlangoni nijitaje kama mgeni mwingine yeyote: mimi ni Skola, mtoto wako wa tatu, natoka Dar es Salaam. Halafu nitangoja kidogo. Likikujia mdomoni, nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lisipokujia, Mama analo. Atakunong'oneza, nami nitageuka kutazama mizigo yangu ili nisione. Wewe uniite tu, Baba. Nitaitika vilevile.

Nipo,
Skola, mtoto wako.