Kikao cha Familia Kuhusu Swichi ya Karakana Inayomkatia Mwenyekiti Umeme

SIKU: Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri
MAHALI: Karakana ya marehemu baba, nyuma ya nyumba. Mlango uliachwa wazi kwa ombi la mke wa mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA
Kaka mkubwa – Mwenyekiti
Kitindamimba – Katibu
Mama – Mlezi
Shangazi, dada wa marehemu – Mjumbe
Mke wa mwenyekiti – Mjumbe
Shemeji, fundi umeme – Mwalikwa

ASIYEHUDHURIA
Dada wa kati, kwa udhuru. Mume wake, ndiye shemeji aliyetajwa, alikuja badala yake. Udhuru wenyewe haukuelezwa, na wanaomfahamu hawakuuliza.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama. Shangazi alimtaka akae kwenye kiti cha marehemu. Alijibu kwamba miguu inamtosha.

KUMB. NA. 2/ OMBI LA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba tangu aachiwe karakana, swichi ya usalama iliyo ukutani, ile inayokata umeme unapovuja, hukata kila anaposhika mashine ya kuranda. Akishika mtu mwingine, haikati. Mke wake ameshawahi kuranda ubao mzima huku akiimba. Aliongeza kwamba milango aliyowaahidi wateja imelala na wateja wamechoka kuambiwa kesho. Aliomba kikao kiridhie swichi irukwe, yaani waya upitishwe pembeni yake, kazi iendelee.

Mke wa mwenyekiti alipinga. Alisema haogopi milango kuchelewa, anaogopa ujane. Mwenyekiti alimwomba atumie lugha ya staha. Mjumbe alijibu, "Staha utaikuta kaburini, baba watoto." Kauli hii imeandikwa kwa ombi lake.

Katibu aliuliza Mwenyekiti huhisi nini swichi inapokata. Alisema hushikwa. Hushikwa kifundo cha mkono wa kulia, kwa nguvu, kama baba alivyokuwa akimshika utotoni alipokosea kushika nyundo. Hapo hapo mashine huzima. Hakuna aliyecheka, na familia hii hucheka hata msibani.

KUMB. NA. 3/ MAONI YA SHANGAZI
Shangazi alisema jambo liko wazi: kaka yake amemkataa mrithi. Alikumbusha kwamba alipendekeza karakana ifungwe na hakusikilizwa, kama kawaida. Ndiyo maana alimshauri Mama kila asubuhi amwage maji pale marehemu alipozoea kusimama, ili kumpoza, na Mwenyekiti avae buti za baba yake ili atambulike. Mama alithibitisha kwamba anamwaga, na hafanyi ubahili. Mwenyekiti alinyanyua mguu kuonyesha utii. Soli ilikuwa imelika na misumari imetokeza.

Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa akichezea bisibisi, aliuliza, "Kaka, hizo buti unazivaa kila ukiranda?"

"Kila siku."

Shemeji alijifuta viganja kwenye suruali. Katibu alianza kuogopa hapo.

KUMB. NA. 4/ UCHUNGUZI WA FUNDI
Shemeji alichomoa mashine na kutaka kufungua plagi yake. Plagi hiyo ilizungushiwa tepu nyeusi na marehemu mwenyewe, na ni kanuni ya nyumba hii kwamba alichofunga baba hakifunguliwi. Shangazi alipinga kwa sauti. Mama alisema, "Fungua, mwanangu."

Ndani, waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa kwa koleo na kukunjwa vizuri. Shemeji alisema watu huukata wanapochoshwa na fyuzi kuungua kila mara. Mke wa mwenyekiti alisema maji hufuata mkondo, akakaa.

Shemeji alieleza kwamba nyaya za ndani ya mashine zimechubuka, kwa hiyo umeme umejaa kwenye chuma chake na hauna pa kupita. Wengine huingia na ndala za mpira, hawaupi njia. Mwenyekiti husimama kwenye maji juu ya misumari. "Njia ni wewe, kaka. Swichi haina ugomvi na mtu. Kila ikikata, ujue umeme umeshapita mwilini mwako. Tungeiruka, tungekuzika."

Mama aliuliza kama swichi ilikuwapo siku baba alipokutwa ameanguka kando ya mashine hii, ikasemwa ni moyo. Shemeji alijibu kwamba haikuwapo, aliifunga yeye mwenyewe baada ya mazishi.

Mama alisema, "Buti nilimvua mimi. Zilikuwa zimelowa." Shangazi alilia. Kikao kilisimama kwa muda.

ILIAMULIWA: mashine isiguswe mpaka itengenezwe, maji yasimwagwe tena, swichi isirukwe. Shangazi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

KUMB. NA. 5/ MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba kusema jambo nje ya ajenda. Alikiri kwamba hakusubiri kikao. Leo asubuhi, umeme ulipokatika mtaa mzima, alivua buti, akavaa ndala, akapanda ngazi na koleo ili airuke swichi kimyakimya. Kabla hajaugusa waya, alishikwa. Mkono ule ule, mahali pale pale. Hakuachiwa mpaka alipokanyaga chini.

Alimuuliza Shemeji umeme huo nao ulivuja kutoka wapi. Shemeji aliiangalia swichi, akaangalia ngazi, akasema mtaa mzima haukuwa na umeme.

Mke wa mwenyekiti alimuuliza mumewe kwa nini hakumwambia.

Mama aliuchukua mkono wa Mwenyekiti, akaugeuza, akakipapasa kifundo. Alisema, "Alikuwa anakuzuia, mwanangu. Yeye siku ile hakuwa na wa kumshika."

KUMB. NA. 6/ KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni. Wajumbe walitoka wote kwa pamoja, kwa kubanana mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho.

Sahihi: ........................ Kaka mkubwa, Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Kitindamimba, Katibu