Vidonge vya Jioni

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitafika, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe kwa ile sauti yako ya kuvuta, mpaka Mama akachungulia kuona naongea na nani. Nipo jikoni kwetu Nangara, sufuria ya maziwa iko motoni. Ndiyo, Baba, motoni. Tunachemsha. Ungekuwepo ungesema tunaharibu maziwa na chuchu za ng'ombe zitakauka. Hazijakauka. Wale watatu wanatoa kama kawaida. Ng'ombe wako Madoa hayupo tena. Bwana mifugo alimpima damu baada ya msiba, akasema ugonjwa ulitoka kwake, na kwamba ile mimba aliyoitupa wakati wa mvua haikuwa jicho la mtu yeyote. Ulimvuta yule ndama mfu kwa mikono mitupu, ukanawa kwa maji ya ndoo, ukaenda kunywa chai. Ndoo nilikushikia mimi.

Halafu ile homa. Jioni inakutoa jasho, asubuhi unaamka unasema hamna kitu. Ukatibiwa malaria, ukatibiwa taifodi, ukarudishwa kwenye malaria. Mimi ndiye niliyeomba upimwe brusela, homa inayotoka kwa mifugo na maziwa mabichi, maana nilikuwa nasomea maabara na nilijiona najua. Ikaonekana. Wakakupa vidonge vya wiki sita, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Kila Jumamosi nilikuja kutoka Bagara nilikopanga chumba, nikakagua pakiti zako kama mwalimu wa zamu. Hesabu ya vilivyotolewa ilikuwa sawasawa, hakikubaki hata kidonge kimoja. Wiki ya sita nilikusifia mbele ya majirani: "Baba yangu amemaliza dozi!" Ukacheka, ukatazama chini. Nilidhani ni aibu ya kusifiwa na mtoto.

Ukapona, ukarudi shambani. Baada ya miezi kadhaa homa ikarudi, na safari hii ilikuwa imekaa kwenye moyo. Hatukuwahi.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya kukuzika. Mama alianza kushika kiuno kila akiinama. Nikamgusa shingo jioni moja, inachoma. Nikampeleka kupima: brusela. Nikamwuliza tangu lini. Akasema, "Tangu wakati wa baba yako." Nikamwuliza mbona hakusema. Akakunja khanga yake, akaikunjua.

"Baba yako alijua. Kidonge cha asubuhi alimeza yeye. Cha jioni alinipa mimi."

Nilikukasirikia, Baba. Nitakuambia ukweli, nilitoka nje nikapiga ukuta wa zizi kwa ngumi. Kwetu hukula kitu peke yako hata siku moja, hata muhindi wa kuchoma uliukata katikati na kumpa Mama upande mnene. Lakini dawa! Ungeniambia tu. Ningemleta Mama akapimwa, akapata zake. Najua ulivyofikiri: safari nyingine ya hospitali, foleni nyingine, na yeye hapendi kuchomwa sindano, kuna vidonge ndani, tugawane. Mliugua pamoja, mkanyweshana dawa pamoja, mkanificha pamoja kama watoto.

Chuoni tulikariri kwamba chembe nyeupe za damu ni walinzi. Zikikuta kijidudu zinakimeza, zinakifungia kwenye kifuko ndani yao, zinakimwagia sumu, kinakufa. Swali hilo nilipata alama zote na sikuwa nimeelewa chochote. Ulipoondoka nilimfuata mwalimu wangu wa maabara nikamwuliza: kama chembe zilikimeza, kimerudi kutoka wapi? Akasema hakikuondoka. Brusela inakubali kumezwa. Ikishaingia inazuia kile kifuko kisipate sumu yote, inajisogeza mpaka sehemu ambako chembe hutengeneza vitu vyake, na hapo inazaana kimya kimya. Ni kama mgambo akamate mwizi, amfungie chumbani kwake mwenyewe, halafu mwizi awashe jiko na kulea watoto humo. Na chembe haijui. Inatembea nayo tu, kwenye maungio, kwenye bandama, kwenye moyo.

Dawa kidogo inaua brusela zilizo nje ya chembe. Homa inashuka, mtu anachukua jembe. Zilizo ndani zinasubiri. Ndiyo maana wiki sita, na ndiyo maana asubuhi na jioni. Mwalimu aliongeza kwamba hata anayemeza vyote anaweza kurudiwa. Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo. Nilimshukuru, lakini mzigo uko palepale.

Mama alikataa dawa. Siku tatu pakiti ilikaa juu ya kabati karibu na rozari yako. Alisema, "Nilikula dawa ya baba yako, akafa. Sili tena." Nilibembeleza. Nilimchorea ile chembe na mwizi wake nyuma ya kalenda ya kanisa, akaniambia mwizi wangu anafanana na kiazi. Siku ya nne uvumilivu ukaniishia, nikamwambia jambo ambalo mtoto hamwambii mama yake.

"Mama, Baba alikupa nusu ya dawa yake ili upone. Usipopona, alikupa bure."

Aliishusha pakiti kutoka juu ya kabati. Kisha akasema, "Lete maji."

Amemeza, Baba. Wiki ya tatu kiuno kikaachia, akaanza kusema, "Mimi sasa mzima, hivi vingine tumwekee mgonjwa mwingine." Unamjua. Safari hii sikukagua pakiti tupu. Nilihamia hapa nyumbani, kila asubuhi natoka kwenda kazini nimeshaona kidonge kikipita kooni, na kila jioni nakaa mbele yake mpaka afungue mdomo na kunionyesha ulimi. Ananiita askari magereza. Aniite tu.

Leo jioni amemeza cha mwisho. Aliushika mkononi mwake muda kidogo ule mfuniko wa chupa tuliokuwa tunawekea kidonge, akasema, "Hiki ni changu na chake." Akameza. Hatujamaliza, bado atarudi kupimwa, na tena, na tena, nami nitakuwa naye kila mara.

Maziwa yamepanda, nimeepua. Ngoja nikuage, maana Mama ananiita tule.

Pumzika, Baba. Kwenye zahanati ninakofanya kazi, kila atakayepewa vile vidonge vya wiki sita, kabla hajatoka mlangoni nitamshika mkono nimwulize: nyumbani kwako, nani mwingine anatoka jasho jioni? Nitamwuliza mpaka aniambie, hata akitazama chini na kucheka. Hasa akitazama chini na kucheka.

Wewe sikukuuliza.

Mwanao,
Veronika